Ukoo wa Chavchavadze: cheo, ushairi na deni la fidia

Anayetaka kuijua Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi (si lile jimbo la Marekani), kwa kawaida huanzia kwa wafalme wa Bagrationi. Sisi tunaofundisha historia katika makumbusho huwashauri wageni waanzie ngazi moja chini, kwa makabaila. Ufalme wa mashariki ulifutwa na Urusi mwaka 1801, makabaila wakabaki, na ikawabidi waamue wataishi vipi na bwana mpya. Ukoo wa Chavchavadze wa Kakheti, mkoa wa mizabibu, ulijaribu karibu kila njia.

Walikuwa tavadi, yaani mabwana wa daraja la juu wenye ardhi, ngome na watwana. Mtwana alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake, asiyeruhusiwa kuhama atakapo. Ukisikia habari za majumba na karamu, ujue gharama zake zilibebwa na nani.

Mwaka 1783 Mfalme Erekle wa Pili, akibanwa na Uajemi upande mmoja na Dola ya Uthmania upande wa pili, aliomba ulinzi wa Urusi. Mkataba ulitiwa saini Georgievsk, na mmoja wa wajumbe wawili wa Georgia alikuwa Garsevan Chavchavadze. Wengi hukumbuka kifungu cha ulinzi. Kifungu cha 9 hakitajwi sana, nacho ndicho kinachonivutia: kiliwapa makabaila wa Georgia haki sawa na za wenzao wa Urusi. Ahadi ya ulinzi ilivunjika. Mwaka 1795 Agha Mohammad Khan wa Uajemi aliiteketeza Tbilisi bila Warusi kuja kuiokoa, kisha Urusi yenyewe ikaumeza ufalme. Vyeo vya makabaila vilidumu hadi mapinduzi ya 1917.

Mwana wa Garsevan, Alexander, alizaliwa St Petersburg mwaka 1786, na Malkia Catherine wa Pili wa Urusi akawa mama yake wa ubatizo. Pamoja na heshima hiyo yote, mwaka 1804, akiwa kijana wa miaka 18, alijiunga na maasi ya mwanamfalme Parnaoz dhidi ya Warusi. Akafukuziwa Tambov, mji wa Urusi. Miaka kumi baadaye aliingia Paris na jeshi hilohilo la Urusi, baada ya Napoleon kushindwa. Mwaka 1832 makabaila wenzake walipanga njama ya kuwaua maofisa wa Kirusi; njama ikafichuka, Alexander naye akakamatwa, akarudishwa Tambov. Hatimaye alisamehewa na kufa mwaka 1846 akiwa jenerali. Kumwita msaliti ni rahisi, kumwita shujaa ni rahisi vilevile. Mimi namwona mtu aliyeandika mashairi ya kuulilia ufalme uliopotea huku akipokea mshahara wa aliyeumeza, na makabaila wengi wa enzi yake waliishi hivyohivyo.

Kijijini Tsinandali alijenga jumba la mtindo wa Ulaya, akazungusha bustani, na akaanza kutengeneza mvinyo kwa njia za Kizungu kando ya ile ya kienyeji ya kuuchachusha ndani ya mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini. Binti zake waliolewa kwa hesabu za kisiasa na za moyo pia. Nino aliolewa mwaka 1828 na Alexander Griboyedov, mwandishi na balozi wa Urusi. Miezi michache baadaye, mapema 1829, balozi huyo aliuawa na umati wa watu mjini Tehran. Nino, mjane kabla ya kutimiza miaka 17, hakuolewa tena. Dada yake Ekaterine aliolewa na David Dadiani, mtawala wa Mingrelia huko magharibi, na mumewe alipofariki mwaka 1853 akashika yeye utawala. Mwaka 1857, baada ya watwana kuasi wakiongozwa na mhunzi Utu Mikava, Urusi ikautumia mwanya huo kumwondoa madarakani. Binti yake Salome aliolewa na Achille Murat, mjukuu wa dada yake Napoleon.

Kilichouangusha ukoo wa Tsinandali lakini ni deni. Mwaka 1854 wapiganaji wa Imamu Shamil, aliyekuwa akipigana na Warusi kutoka Dagestan na Chechnya, walivuka milima na kulivamia jumba. David, mwana wa Alexander, alikuwa vitani. Mkewe Anna, watoto, shemeji yake Varvara Orbeliani na mlezi wao Mfaransa walichukuliwa mateka, na mtoto mchanga, Lydia, akafa njiani. Wakakaa kifungoni Dargo-Vedeno, makao ya Shamil, takribani miezi minane. Machi 1855 wakabadilishwa na Jamaluddin, mwana wa Shamil aliyekuwa amechukuliwa na Warusi tangu utotoni mwaka 1839, pamoja na rubli 40,000 za fedha. Jamaluddin alirudi kwa baba yake akiwa afisa wa Kirusi kwa malezi, akafariki mwaka 1858. Shamil mwenyewe baadaye alikwenda Hija, akafia Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqii. David alikuwa amekopa ili apate fidia, akiweka shamba rehani. Hakuweza kulikomboa. Katika miaka ya 1880 Tsinandali ikawa mali ya Tsar, mfalme wa Urusi.

Wakati huo mtu wa tawi jingine, Ilia Chavchavadze, aliyezaliwa Kvareli mwaka 1837, alikuwa na jibu tofauti. Aliunga mkono kufutwa kwa utwana, uliofutwa Georgia mashariki mwaka 1864, na kuwakejeli makabaila wavivu wa daraja lake mwenyewe. Akaongoza benki ya ardhi ya makabaila, ambayo sehemu ya faida yake ilisaidia shule na magazeti. Akaanzisha gazeti la Iveria mwaka 1877, na mwaka 1879 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kueneza kusoma na kuandika kwa Kigeorgia. Aliuawa njiani Tsitsamuri mwaka 1907, na nani aliyewatuma wauaji bado hubishaniwa. Kanisa la Georgia lilimtangaza mtakatifu mwaka 1987, na leo sura yake imo kwenye noti ya lari 20.

Utawala wa Kisovieti ulipofika mwaka 1921, makabaila walinyang'anywa mali au wakakimbia. David Chavchavadze, aliyezaliwa London mwaka 1924 na mama wa ukoo wa Romanov, alikulia Marekani na kuwa afisa wa CIA, akifuatilia mambo ya Urusi kwa Kirusi alichokulia nacho nyumbani. Jumba la Tsinandali sasa ni makumbusho, na mvinyo wake bado unauzwa.