Vifaa Vipya vya Kusaidia Kusikia: Dhana Potofu na Ukweli

Kila baada ya miaka michache, kampuni kubwa za vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wengi wetu tumezoea kuviita shimesikio, hutoa toleo jipya, na papo hapo watumiaji huanza kuulizana kama kweli linasikika vizuri na kama linadumu. Mazungumzo hayo ni ya thamani, kwa sababu aliyevaa kifaa kutwa nzima anajua mambo ambayo tangazo haliyasemi. Hata hivyo, ndani yake mna dhana kadhaa zinazowagharimu watu fedha walizozikusanya kwa muda mrefu, na nyingine huwafanya wakate tamaa kabla ya wakati.

Dhana: Toleo jipya zaidi ndilo litakalokusaidia kusikia vizuri zaidi.

Ukweli ni kwamba namna kifaa kilivyorekebishwa kulingana na masikio ya mvaaji huwa na uzito mkubwa kuliko mwaka kilipotoka. Kampuni huweka mpangilio wa kuanzia ndani ya programu yake, na mpangilio huo mara nyingi hukuza sauti nyembamba kidogo kuliko inavyohitajika, kwa kuwa mtu anayevaa kwa mara ya kwanza huziona kali na zenye kuudhi. Lakini sauti hizo nyembamba ndizo zinazobeba s, sh na f. Mtu aliyepoteza usikivu wa sauti hizo hutambua vyema kwamba anasemeshwa, ila hawezi kujua kama ameambiwa "suka", "shuka" au "fuka", na kwa kuwa familia inaona kwamba anasikia, humdhania kuwa hamakiniki.

Ipo njia ya kuhakikisha. Mtaalamu huingiza mrija mwembamba na laini ndani ya tundu la sikio hadi karibu na kiwambo, huku kifaa kikiwa kimevaliwa, kisha hupima sauti inayofika pale hasa na kuilinganisha na kanuni inayotambulika kama NAL-NL2, iliyotengenezwa na maabara ya taifa ya usikivu ya Australia. Kipimo hiki ni cha lazima kwa sababu matundu ya masikio hayafanani: sauti iliyo sawa kwa sikio moja huwa pungufu au kubwa mno kwa jingine. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na bado wapo wataalamu wengi, hata katika nchi tajiri, ambao hawaifanyi. Kabla ya kuuza au kutupa kifaa cha miaka 4 ili ununue kilichotoka mwaka huu, uliza kama kile cha kwanza kiliwahi kupimwa hivyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu inasikitisha kuona mtu analipa mara ya pili kwa kosa ambalo lingeondolewa kwa marekebisho ya mchana mmoja.

Dhana: Mwenzangu amekisifu, basi na mimi kitanifaa.

Sifa au lawama ya mtu haina maana kubwa mpaka uijue chati yake ya usikivu. Mwenye upungufu mdogo wa sauti nyembamba huvaa ndani ya tundu la sikio kikofia laini chenye matundu, kinachoruhusu sauti za kawaida kuingia zenyewe. Mwenye upungufu mkubwa huhitaji kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake ili sauti iliyokuzwa isivuje nje na kuleta mluzi. Kifaa kilekile kikivaliwa kwa namna hizo mbili hutenda kazi kama vifaa viwili tofauti. Tena, hukumu ya wiki za mwanzo hupotosha: ubongo uliokaa miaka bila kusikia mlio wa sahani au karatasi huhitaji wiki kadhaa, na kwa wengine miezi, kuzoea kwamba milio hiyo ipo.

Dhana: Vifaa vyenye akili mnemba huondoa kelele zote.

Maendeleo hapa ni ya kweli na yanastahili kupongezwa. Oticon More, kifaa cha kampuni ya Oticon cha mwaka 2021, kilikuja na mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliofunzwa kwa sauti milioni 12, na mwaka 2024 kampuni ya Phonak ikatoa Audéo Sphere Infinio yenye chipu ya pili iliyowekwa mahususi kwa ajili ya kutenganisha maneno na kelele. Watu wengi waliokuwa wameacha kwenda kwenye mikusanyiko wameeleza nafuu kubwa. Lakini kazi hiyo hula umeme mwingi, kwa hiyo anayekaa saa nyingi penye kelele atakuta betri imeshuka mapema kuliko alivyotarajia, na hilo si ubovu wa kifaa. Aidha, anayevaa kikofia chenye matundu hupokea sehemu ya kelele moja kwa moja bila kupita kwenye chipu yoyote, na programu haiwezi kuisafisha sauti isiyopita mikononi mwake. Tena, pale sikio la ndani lilipokwisha kudhoofika kiasi cha kutotenganisha sauti zinazokaribiana, hata maneno yaliyosafishwa hufika yakiwa na ukungu. Kumsogelea msemaji na kumtazama usoni bado kunasaidia sana.

Dhana: Kikiandikwa IP68, hakidhuriki na maji.

IP68 ni alama ya kiwango cha kinga ya kifaa: tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili maji. Jaribio la maji hufanywa maabara, kwa kifaa kipya, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji. Jasho lina chumvi, mvuke wa bafuni hupenya kuliko matone, na mipira midogo inayoziba viungo huchakaa kadiri miezi inavyopita. Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja huvaa kifaa chake ndani ya hewa yenye unyevu karibu mwaka mzima, hali ambayo jaribio la kutumbukiza majini halikukusudiwa kuipima. Kila usiku kifaa kiwekwe ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye chembe za kukausha unyevu, na kama kinatumia betri ndogo za zinki, zitolewe kwanza kwa sababu nazo hukauka. Kisianikwe juani wala kupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele.

Kuhusu kudumu, jambo moja lisemwe waziwazi: vifaa vingi vinavyotangazwa kuwa vimekufa vimezibwa na nta ya sikio tu. Kichujio kidogo kilicho mwisho wa spika hubadilishwa nyumbani kwa dakika moja. Kibadilishe kwanza, ndipo ulaumu toleo zima.

Dhana: Betri ya kuchaji ni bora kwa kila mtu.

Kwa mwenye vidole vinavyotetemeka ni neema, kwa maana betri ndogo humponyoka. Lakini betri ya lithiamu hupungua uwezo mwaka hadi mwaka, na katika vifaa vingi haibadilishwi ila kiwandani, jambo linaloweza kumaanisha wiki kadhaa bila kifaa kwa mtu anayeishi mbali na mtengenezaji. Umeme ukikatika usiku, asubuhi inakuwa ya ukimya. Botswana ililiona hilo mapema: huko ndiko ilikoanzia Solar Ear, chaja ya nguvu ya jua kwa betri za vifaa vya kusikia, iliyoundwa na mafundi ambao wenyewe ni viziwi.

Dhana: Siku hizi spika za masikioni za simu zinatosha.

Zinatosha kwa baadhi ya watu. Marekani iliruhusu vifaa vinavyonunuliwa bila cheti cha mtaalamu kuanzia tarehe 17 Oktoba 2022, na Septemba 2024 ikaidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro, spika za masikioni za kampuni ya Apple, kuwa kifaa cha kusikia. Lakini ruhusa zote mbili ni kwa watu wa miaka 18 na kuendelea wenye upungufu mdogo au wa kati. Mtoto hahusiki kabisa. Wala tusichanganye vifaa hivyo na vikuza sauti vya bei ya chini vinavyouzwa mitandaoni, ambavyo vingi hukuza kila sauti kwa kiwango kimoja na vinaweza kuudhuru usikivu uliobaki.

Dhana: Ni afadhali kusubiri toleo lijalo.

Utafiti wa ACHIEVE, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet, uliwafuatilia kwa miaka 3 watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84. Kwa jumla, vifaa havikuleta tofauti katika kupungua kwa uwezo wa kufikiri na kukumbuka. Lakini katika kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa uwezo huo, kupungua huko kulikuwa kidogo kwa asilimia 48 miongoni mwa waliopewa vifaa na huduma ya mtaalamu. Vifaa walivyovaa wazee hao vilikwisha kupitwa na matoleo mapya kabla matokeo hayajachapishwa.