"Chivalrously" si kumpisha mwanamke kiti tu

Kijana akimpisha mama mjamzito kiti kwenye matatu ya Bamburi, msomi wa Kiingereza atasema ametenda "chivalrously", yaani kiungwana. Basi wengi hudhani neno hilo lahusu adabu kwa wanawake tu. Sivyo. Asili yake ni farasi! Kilatini cha mitaani kilimwita caballus. Kifaransa cha kale kikapata chevalier, askari mpanda farasi, na Waingereza wakaazima katika Zama za Kati. Sifa kuu za askari huyo zilikuwa ushujaa vitani na utiifu kwa bwana wake. Heshima kwa wanawake ilikuwemo, ila zaidi kwa mabibi wa tabaka la juu. Mke wa mkulima hakuhesabiwa sana. Hata uungwana wetu wa Mwambao ulihusu tabaka: mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa.