Kufunga kadi ya mkopo hakufuti historia yako

Mazungumzo ya kadi za mkopo za Marekani yakifika kwenye kadi inayolala droo bila kutumika, hakosekani mtu wa kuonya: "Usiifunge, utafuta historia yako." Wengine huongeza chumvi kwamba miaka yote uliyolipa kwa uaminifu itarudi sifuri siku hiyohiyo. Ushauri wenyewe mara nyingi si mbaya. Sababu ndiyo mbovu, na mtu aliyeshika sababu mbovu hukosea pale mambo yanapobadilika kidogo. Ataing'ang'ania kadi kongwe inayomkamua ada kila mwaka kwa hofu ya kupoteza miaka yake. Kisha, wiki chache kabla ya kuomba mkopo wa nyumba, ataifunga bila wasiwasi kadi nyingine yenye kikomo kikubwa (kikomo ni kiasi cha juu anachoruhusiwa kukopa kwa kadi hiyo) kwa kuwa "hiyo ni mpya, haina historia ya kupoteza". Huko ndiko anakoumia.

Maana kwanza, kwa haraka. Alama ya mikopo ni namba inayokokotolewa kutokana na ripoti ya mikopo ya mtu, na ripoti hiyo hutunzwa na ofisi tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Alama inayotumiwa zaidi na wakopeshaji wa Marekani ni FICO. Ilianza kutumika katika sura yake ya sasa mwaka 1989, na kwa kawaida huanzia 300 hadi 850. Kinachopimwa ni uwezekano wa mtu kuchelewesha malipo vibaya katika miaka miwili ijayo. Haipimi tabia njema wala utajiri. Mshahara wako haumo, akiba yako haimo, na kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako haimo.

Kwa maelezo ya kampuni ya FICO yenyewe, historia ya malipo huchukua takriban asilimia 35 ya uzito, kiasi unachodaiwa asilimia 30, urefu wa historia asilimia 15, maombi mapya ya mkopo asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10 iliyobaki. Mizani hiyo ni ya watu kwa ujumla. Kwa mtu mwenye ripoti changa inaweza kuegemea kwingine. Sasa angalia mafungu mawili tu, lile la 30 na lile la 15, kwa sababu ugomvi wote wa kufunga kadi unatokana na watu kuyachanganya.

Fungu la 15 ni umri. FICO hutazama akaunti yako kongwe ina miaka mingapi, iliyo changa kabisa ina muda gani, na wastani wa zote. Mtu anaposikia hivyo hujiambia: nikifunga ile kongwe, wastani utaporomoka. Inaingia akilini, lakini sivyo inavyokwenda. Kadi iliyofungwa ikiwa imelipwa vizuri haiondoki kwenye ripoti. Huandikwa tu kwamba imefungwa, na hubaki pale kwa muda unaofika miaka 10 hivi. Katika muda wote huo FICO huendelea kuihesabia umri. Kadi uliyokaa nayo miaka 12 ukaifunga leo, mwakani itahesabiwa miaka 13 ingawa huna tena plastiki yake mkononi.

Hapa kuna tofauti moja ya kweli. VantageScore, alama iliyoanzishwa mwaka 2006 na zile ofisi tatu kwa pamoja, inaweza kuziacha baadhi ya akaunti zilizofungwa nje ya hesabu ya umri. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga kadi, akafungua programu ya bure kwenye simu, akakuta namba imeshuka, kisha akaapa kwamba historia imefutwa. Programu nyingi za bure huonyesha VantageScore, na mkopeshaji wake huenda anatazama FICO. Ni namba mbili tofauti, hata zikiwa zimesoma ripoti ileile.

Baada ya ile miaka 10, kadi hutoka na umri wake. Kwa mtu aliyekuwa na kadi moja tu ya zamani na nyingine zote za juzi, siku hiyo ataona tofauti. Aliyekuwa na nyingine tatu au nne zinazoendelea kuzeeka huenda asitambue kitu, kwa sababu nazo zimeongeza miaka 10 juu ya ile ziliyokuwa nayo.

Na kwa kuwa tumegusa miaka, kuna saba na kumi zinazochanganywa kila siku. Saba ni ya mabaya: chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za mikopo, taarifa nyingi mbaya, kama malipo yaliyochelewa, haziruhusiwi kuonyeshwa zaidi ya miaka saba. Kumi ya kadi iliyofungwa kwa wema ni desturi ya ofisi zenyewe. Kwa hiyo anayefunga kadi ili aibu ya malipo aliyochelewesha ifutike anajisumbua. Kufunga hakufuti wema wala ubaya. Ule mwezi uliochelewa utakaa hapo mpaka muda wake uishe, kadi iwe wazi au imefungwa.

Basi kinachoondoka siku ile ile ni nini? Ni kikomo. Hili ndilo fungu la 30, na ndilo linalostahili maneno mengi.

Ndani ya "kiasi unachodaiwa" kuna kipimo kinachoitwa kiwango cha matumizi: deni la kadi zako likigawanywa kwa jumla ya vikomo vya kadi zako. Tuseme mtu ana kadi tatu, zenye vikomo vya dola 5,000, dola 3,000 na dola 2,000. Jumla ni dola 10,000. Ile ya 5,000 haigusi kabisa. Ya 3,000 ina deni la dola 1,000, ya 2,000 ina deni la dola 800. Deni lote ni dola 1,800, yaani asilimia 18 ya uwezo wake. Sasa anaifunga ile asiyoitumia. Hajakopa hata senti zaidi, hajachelewa popote, lakini vikomo vimebaki dola 5,000 na deni ni lilelile dola 1,800. Amekuwa mtu wa asilimia 36. Mbele ya mkokotoo anafanana na aliyeongeza deni lake mara mbili.

Kadi isiyotumika, kumbe, ilikuwa na kazi. Ilikuwa upande wa chini wa mgawanyo, ikizifanya nyingine zionekane nyepesi. Na tazama: umri wake haujatajwa popote kwenye hesabu hiyo. Kadi ya miezi minane yenye kikomo cha dola 15,000 huweza kuwa na kishindo kikubwa ikifungwa kuliko kadi ya miaka 18 yenye kikomo cha dola 700. Wanaohubiri "linda ile ya zamani" wanalinda mlango usio na mwizi.

Kuna jambo dogo ambalo huachwa. FICO hutazama pia kiwango cha kila kadi peke yake. Katika mfano wetu, ile ya 3,000 ilikuwa asilimia 33 na ya 2,000 asilimia 40 kabla ya kufunga, na zimebaki hapohapo baada ya kufunga. Kilichobadilika ni cha jumla. Pengine ndiyo sababu watu wawili hufunga kadi zinazofanana, mmoja akapoteza pointi nyingi na mwenzake chache: mmoja alikuwa na kadi nyingine iliyokaribia kujaa, ambayo tayari ilishamshusha.

Kuhusu ile asilimia 30 ya kiwango cha matumizi inayotajwa kama mstari mtakatifu, yaani chini yake uko salama na juu yake umeharibikiwa: hakuna ngazi ya namna hiyo. Kadiri kiwango kinavyokuwa chini ndivyo bora, na wenye alama za juu kabisa kwa kawaida hukaa chini ya asilimia 10. Asilimia 29 si sifa ya kujivunia.

Watasema wengine: mimi hulipa deni lote kila mwezi, kwa hiyo kwangu ni sifuri, funga tu. Si lazima iwe sifuri. Kampuni nyingi za kadi hupeleka kwenye zile ofisi za ripoti deni lililokuwapo siku ya kufunga hesabu za mwezi, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukinunua vitu vya dola 900 kisha ukavilipa vyote kwa wakati, hutozwi riba, ila ripoti huenda ikasoma dola 900. Anayelipa kabla ya siku hiyo, akaripotiwa sifuri kila mahali, yeye kweli hana cha kuhofia upande huu, kwa sababu sifuri ukiigawanya kwa kikomo chochote inabaki sifuri.

Pigo la kiwango cha matumizi lina jambo moja jema: halina kumbukumbu ndefu. Matoleo mengi ya FICO yanayotumika huangalia hali ilivyo kwenye ripoti ya karibuni zaidi. Punguza deni, na mwezi unaofuata alama inapanda, kana kwamba hakuna kilichotokea. Matoleo mapya, FICO 10T na VantageScore 4.0, hutazama mwenendo wa miezi iliyopita, kwa hiyo huko utulivu wa muda mrefu una thamani zaidi. Hata hivyo kwa mtu asiyetarajia kuomba mkopo wowote mwaka huu, pointi zilizoshuka kwa sababu ya kufunga kadi ni namba ambayo hakuna anayeitazama.

Ndiyo maana sikubaliani na "usifunge kamwe". Kadi yenye ada ya mwaka isiyokurudishia chochote ni hasara ya kila mwaka, na alama si sababu ya kuilipia. Kwanza piga simu uulize kama wanaweza kukubadilishia iwe kadi yao nyingine isiyo na ada. Mara nyingi akaunti hubaki ileile, umri wake na kikomo chake. Wakikataa, funga. Kadi ya pamoja na mtu mliyeachana, funga. Kadi inayokuvuta kununua usivyoweza kulipa, funga hata kama ni kongwe kuliko ndoa yako. Riba ya deni lisilolipika itakugharimu kuliko pointi 20. Kabla ya yote hayo lipa deni lililomo, maana kufunga kadi hakufungi deni: riba huendelea na tarehe za kulipa ni zilezile.

Isiyo na ada haina haraka. Tangu 2010 kampuni za kadi Marekani haziruhusiwi kumtoza mtu ada kwa sababu tu hatumii kadi yake. Zinachoruhusiwa ni kuifunga zenyewe ikikaa sana bila kutumika, na kikomo huondoka vilevile. Ununuzi mmoja mdogo kila baada ya miezi michache, ukalipwa wote, hutosha kwa kawaida. Na kampuni ikikutangulia kuifunga, FICO haikupunguzii alama kwa sababu ya nani aliyefunga. Inasoma tu kwamba kikomo hakipo.

Kwa hiyo ukimsikia ndugu akisema hatafunga kadi fulani "kwa sababu ya historia", huna haja ya kubishana naye. Mwulize tu kikomo chake ni dola ngapi, na kadi zake nyingine zina deni kiasi gani.