Saratani ya ini: kinga yake inaanzia kwenye turubai la kuanikia mahindi

Nikienda vijijini Chemba au Kondoa kuzungumzia saratani ya ini, hubeba chupa ya kioo yenye mfuniko na pakiti ya chumvi. Watu hushangaa: daktari wa ini na chumvi wapi na wapi? Naomba konzi ya mahindi kutoka kwenye gunia la mwenyeji, nayamimina kwenye chupa iliyokauka, naongeza kijiko cha chumvi kavu, natikisa dakika chache kisha naiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na hayafai kuingia ghalani. Ikishuka yote chini, yamekaribia. Yapate jua la siku moja mbili zaidi ndipo yafungiwe. Mara nyingi chumvi inaganda, na mwenye gunia ananitazama asiamini, kwa sababu punje zile alishaziuma kwa jino akaziona kavu.

Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota fangasi aitwaye Aspergillus flavus, na fangasi huyo hutoa sumukuvu. Haina ladha, haina harufu, haionekani, na ugali uive utakavyoiva sumu inabaki. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la 1, pamoja na tumbaku: kundi la vitu ambavyo hakuna shaka tena kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayong'ang'ania vinasaba vya seli na kuviharibu, mlo kwa mlo, mwaka hadi mwaka.

Sisi wa Kanda ya Kati hatusimuliwi habari hii. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Mimi kinachoninyima usingizi ni ile kidogo ya kila siku, ambayo haimtapishi mtu wala kumlaza kitandani, hivyo hakuna anayeishtukia. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Hakuna jicho la kuona kitu kama hicho.

Kwa nini huku kwetu? Ukame. Mhindi uliokosa maji wakati wa kubeba hushindwa kujikinga, na fangasi huuingia ukiwa bado shambani. Mvua ya mwisho ikiukuta umekomaa na haujavunwa, mambo huharibika zaidi. Kisha tunaongeza ya kwetu: mahindi yanaanikwa juu ya udongo, yanapigwa fimbo ndani ya gunia mpaka punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ni mlango wazi. Vuna mara yanapokomaa, anika juu ya turubai au kichanja, tumia mashine ya kupukuchua kama ipo kijijini, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia sana, ila ukiweka mahindi mabichi humo umejidanganya.

Karanga nazisema peke yake, maana hapo akina mama wananielewa haraka. Ganda gumu linaumiza vidole, basi karanga hunyunyiziwa maji ili zimenyeke kwa urahisi, kisha zinakaa na unyevu ule hadi siku ya mnada. Naielewa adha ya vidole. Lakini maji yale ndiyo fangasi anayoyasubiri. Na zile zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye rangi ya ajabu, ambazo mnunuzi amezikataa, ndizo zinazosagwa kwenye unga wa lishe wa mtoto. Naomba jambo hili liishe. Mtoto apewe zilizo bora, mbovu zifukiwe mbali na mifugo. Zisipelekwe kwa kuku, wala mahindi mabovu yasipelekwe kwenye pombe.

Kuhusu dona huwa naulizwa sana. Dona ni chakula kizuri kwa mahindi safi yaliyochambuliwa. Kama una wasiwasi nayo, koboa, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hutoka na pumba. Na mkulima wa huku asiudharau mtama na uwele: vinavumilia ukame, na kwa kawaida huwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi.

Sumukuvu ina mwenzake, homa ya ini B. Mtu mwenye kirusi hicho akila chakula chenye sumukuvu, hatari ya saratani ya ini kwake inakadiriwa kuwa mara 30 zaidi ya asiye nacho. Watoto wetu hupata chanjo yake ndani ya ile ya pentavalenti, sindano moja inayokinga magonjwa matano, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, hivyo usiruke kliniki hata moja. Wazazi wao wengi hawakuipata. Mtu mzima apime kwanza. Akiwa salama anachanjwa mara tatu ndani ya miezi sita. Akikutwa na kirusi, si kila mtu huanzishiwa dawa, lakini kila mtu anahitaji kufuatiliwa. Dawa inayotumika sana, tenofovir, imo pia kwenye ARV, na nimeona wagonjwa wakiacha kopo dirishani kwa hofu ya majirani. Tafadhali, usiiache. Inatuliza kirusi na kupunguza hatari ya saratani.

Maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda bila sababu, macho kuwa ya njano, tumbo kujaa maji: dalili hizi zikionekana, mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali, na ndiyo maana ini linaua sana. Mwenye homa ya ini B aliyeshauriwa na daktari kupima ini kwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita asingoje maumivu. Uvimbe ukikutwa mdogo, unaweza kukatwa. Kipimo chenyewe hakiumi: unalala chali, unapakwa jeli tumboni, na baada ya muda mfupi umeshainuka.