Ubalozi haumtoi mtu mahabusu

Jumamosi kinyozi wangu wa Area C, hapa Dodoma, kanisimamishia mashine kichwani: "Wakili, unajichosha bure. Yule mgeni aliyekamatwa, ubalozi wake utamtoa." Nimeshaisikia kwa bodaboda, kwa askari, hata kwa wakili mwenzangu aliyepaswa kujua. Ningeinyamazia tena, lakini niliwahi kuisikia kwa mteja mwenyewe, na ilimgharimu.

Kinga ni ya mwanadiplomasia. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema hakamatwi wala hashtakiwi. Nchi ikimchoka inamtangaza kuwa hatakiwi, anafunga mizigo anaondoka. Hao ndio mnaowaona kwenye taarifa ya habari. Mtalii, mmishenari, mhandisi wa barabara, mwanajiolojia wa wilayani Bahi hawana kinga yoyote. Wakishtakiwa kwa ujasusi chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa, Sura ya 47, mbele yao kuna kifungo cha maisha kama mtu mwingine yeyote.

Walicho nacho ni Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa mahusiano ya kikonseli, yaani huduma za ubalozi kwa raia wake. Mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kutaka ubalozi wake ujulishwe. Akitaka, maofisa wamtembelee, waongee naye, wamtafutie wakili. Haki hiyo inaishia hapo. Na anaweza kuikataa; wapo wanaoiogopa serikali yao kuliko gereza letu.

Anayebisha asome kesi ya Kulbhushan Jadhav, Mhindi aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Pakistan mwaka 2017 kwa ujasusi. Pakistan ilidai kwamba jasusi hana haki ya kuonana na konseli, ofisa anayehudumia raia wa nchi yake. Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikalikataa dai hilo: Ibara ya 36 haimbagui mtuhumiwa wa ujasusi. Pakistan ikaamriwa iipitie upya hukumu yake. India ilipoomba mtu wake aachiwe, ombi likakataliwa. India ilishinda, na Jadhav akabaki gerezani.

Sasa mteja wangu. Kesi ilikwisha, na nchi yake siitaji. Alikutwa na sampuli za udongo, ramani na droni isiyo na kibali. Droni bila kibali ni kosa, na adhabu yake ipo. Kukosa kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nako ni jambo la peke yake. Ujasusi unahitaji nia ya kudhuru usalama au maslahi ya nchi. Watu wanayachanganya yote haya kwenye kapu moja, nami nachoka kuyatenganisha.

Yeye aliamini konseli atafika Alhamisi na kumaliza kila kitu. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, si hapa Dodoma. Alhamisi ikapita. Kufikia siku ya kuonana na ofisa wake alikuwa ameshatoa bila wakili maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, kurasa sita za Kiswahili, na kila ukurasa una sahihi yake.

Hapa ndipo ninapopoteza usingizi. Lugha yetu inamwita askari wa makosa ya jinai mpelelezi, na jasusi naye mpelelezi. "Upelelezi unaendelea" tunaisikia mahakamani kila siku, haina ubaya. Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba anachunguza udongo, mkalimani wa kuokoteza akaandika "nafanya upelelezi wa ardhi", utafiti umeshageuka kukiri kosa. Sheria inataka ushahidi utafsiriwe mahakamani kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na tangu 2021 Kiswahili kilipofanywa lugha ya mahakama hitaji hilo limeongezeka. Lakini mkalimani mzuri wa mahakamani hawezi kufuta neno lililoandikwa kituoni usiku. Kazi ya kulipinga ni yangu.

Kuna mambo sina uhakika nayo. Siku hizo niliwashauri ndugu zake wasiende kwenye magazeti, nikihofia kelele za ubalozi zingewafanya waendesha mashtaka wakaze kamba. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimchelewesha. Sijui pia kama aliniambia kila kitu. Wakili huwa hajui, na akikwambia anajua, mwogope. Ushahidi wa siri ukisikilizwa faragha nao una mzigo wake: unatoka chumbani, mama yake mteja anakushika mkono, na huwezi kumwambia ulichokiona.

Tulipokaa naye chumba cha wageni gerezani nilimsomea yale maelezo yote, nikitafsiri sentensi baada ya sentensi. Ukurasa wa nne akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaweka kidole juu ya neno "upelelezi", akaniuliza linasomwaje.