Kuzeeka kwa Afya: Maana Yake Nini?

Wengi wakisikia "kuzeeka kwa afya" hudhani anayezungumziwa ni mzee asiye na ugonjwa wowote. Kwa kipimo hicho wangefaulu wachache mno, maana mtu akishavuka miaka 60 si ajabu kuwa na presha, sukari, magoti yanayouma au mtoto wa jicho. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza dhana hii kwa namna nyingine: ni kujenga na kulinda uwezo wa mtu kufanya yale anayoyathamini, ili aishi vizuri uzeeni. Bibi mwenye presha anayemeza dawa zake kila siku, akaenda sokoni mwenyewe na kwenye kikao cha vikoba, huyo anazeeka kwa afya. Babu ambaye vipimo vyake vyote ni safi lakini hainuki kitini mpaka ashikwe mkono, bado ana kazi ya kufanya.

Uwezo huo hutokana na vitu viwili vinavyokutana. Kuna mwili wenyewe: misuli, moyo, macho, masikio, kumbukumbu. Na kuna mazingira: kipato, njia ya kupita, choo kinachofikika, watu wa kuzungumza nao. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Hamu ya kusoma alikuwa nayo, lakini mlango ulifunguka kwa sababu mwaka 2003 serikali ya Kenya ilifuta ada ya shule za msingi. Mzee mwenye nguvu na nia bado hukwama pale mazingira yanapomfungia.

Katika mwili, misuli ya miguu ndiyo ningeianza. Hupungua taratibu tangu umri wa kati, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mzee hupoteza kwanza urahisi wa kuinuka kutoka chini, kisha kupanda ngazi, kisha anaanguka na kuvunjika nyonga. Na hapa familia zetu, kwa upendo kabisa, huchangia. "Mama, wewe kaa, tutafanya sisi." Tunamnyang'anya ufagio, jembe na ndoo ya lita tano, tukiamini hiyo ndiyo heshima. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani watu wazima 12 waliokuwa na afya njema, wastani wa umri wao ukiwa miaka 67. Kwa siku 10 tu, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Ndiyo maana mzee aliyelazwa kwa malaria anaweza kurudi nyumbani ugonjwa umeisha lakini miguu haimbebi.

Habari njema ni kwamba misuli hujibu hata umri ukiwa mkubwa sana. Mwaka 1990 huko Boston, wazee dhaifu wa karibu miaka 90 waliokuwa katika nyumba ya kutunzia wazee walifanyishwa mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za waliomaliza ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na anayesema "kwa umri wake, basi tena".

Kwa walio na miaka 65 na kuendelea, WHO hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, kama kutembea kwa mwendo wa kuchangamka au kulima bustani. Mazoezi ya nguvu yawe siku mbili au zaidi kwa wiki, na ya kujimudu asianguke siku tatu au zaidi. Kuinuka kitini na kuketi tena bila kujishika, mara kadhaa, ni zoezi tosha la kuanzia. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta pia. Mwenye maumivu ya kifua au presha iliyopanda sana amwone daktari kwanza.

Misuli haijengwi na chai na mkate. Wazee wengi meno yakipungua huhamia kwenye uji mtupu, na vyakula vya kujenga mwili vinatoweka kimyakimya. Dagaa waliosagwa, maharage yaliyoiva vizuri, mayai na maziwa mgando vinalika hata bila meno. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha iliyomo kwenye mboga. Sigara na ugoro viachwe. Kuacha kuna faida hata ukiwa na miaka 70.

Akili nayo imo. Utafiti wa Ufini uliotangazwa mwaka 2015 ulifuata watu zaidi ya 1,200 wa miaka 60 hadi 77 kwa miaka miwili. Waliosaidiwa kwa pamoja katika lishe, mazoezi, kufundisha ubongo na kufuatilia presha walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida.

Kwa maana hii, mzee akianza kupungua uzito bila sababu, kuyumba anapotembea, kutosikia au kusahau mambo ghafla, "ni uzee tu" si jibu. Apelekwe kituo cha afya apimwe. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na mara nyingine kinachoziba sikio ni nta tu.