Koti la Agnes Richter: Kazi za wagonjwa wa akili zilizohifadhiwa Heidelberg

Hospitali ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, ina jumba la makumbusho la kazi za sanaa za watu waliolazwa kwa magonjwa ya akili. Linaitwa Mkusanyiko wa Prinzhorn. Hans Prinzhorn alisomea historia ya sanaa kabla ya udaktari. Alipoajiriwa hapo mwaka 1919 aliziandikia hospitali nyingine kuomba chochote ambacho wagonjwa walikitengeneza wenyewe bila kuagizwa. Zikakusanyika kazi zipatazo 5,000, nyingine zimechorwa kwenye pembezoni mwa magazeti na hata kwenye karatasi za chooni.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni koti. Agnes Richter, mshona nguo, alilishona kwa kitambaa cha hospitali, kisha akalitarizi maneno kwa nyuzi za rangi, mstari juu ya mstari, hadi mengi hayasomeki. Neno "mimi" linajirudia. Maandishi mengine yako upande wa ndani, yakigusana na mwili, na alama za jasho zinaonyesha kwamba alilivaa.

Emma Hauck, mgonjwa mwingine, naye, mwaka 1909, alimwandikia mumewe neno "njoo" mara nyingi mno mpaka ukurasa ukawa kama umepakwa kijivu. Barua zake hazikutumwa. Zilibaki kwenye faili.

Watu huuliza kama mchoro unaweza kutuambia mtu anaumwa nini. Hauwezi. Ugonjwa hutambuliwa kwa mazungumzo, historia ya mgonjwa na uangalizi wa muda. Prinzhorn mwenyewe alitoa tahadhari hiyo katika kitabu chake cha 1922. Wanazi hawakuijali: walizibeba baadhi ya kazi hizi kwenye maonyesho ya kuwadhihaki wasanii wa kisasa, kana kwamba nao ni wagonjwa. Franz Karl Bühler, mgonjwa aliyekuwa mhunzi na aliyechora kwa ustadi mkubwa, aliuawa kwa gesi huko Grafeneck, Ujerumani, mwaka 1940 katika mpango wao wa kuwaangamiza wagonjwa. Jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka 2001.

Kama unamuuguza mtu anayechora au kuandika, usimtafsirie kazi yake, mwombe akusimulie. Ni mali yake, hivyo usiionyeshe kwa wengine bila idhini yake. Lakini ikigusia kujidhuru, muulize wazi na umjulishe daktari wake siku hiyo hiyo.